Muhogo Uliokuwa Juu ya Jiwe

Nyakato, Jumapili baada ya misa

Mke wangu Mama Sabina,

Mimi mumeo nina miaka sabini na tisa. Mitumbwi miwili imeoza nikiitazama, mapadri watatu nimewazika, na yule kiboko aliyenipindua kwenye matete alikufa, nikala nyama yake. Meno yamekwisha, mimi bado nipo. Kwa hiyo usishtuke kuona barua, huku hakuna msiba.

Goti lako je, linakuruhusu kushuka ziwani? Yule kuku wa madoa bado anataga chini ya kitanda chetu? Mimi mzima. Nalinda geti la karakana ya mbao, zamu ya mchana, na wenyewe wanasema hawajapata mlinzi kama mimi. Ni kweli. Ila ugali wa huku ni wa mahindi tu, na kila nikiumega mkono unauliza ule wetu wa muhogo uko wapi.

Utasema mbona sikupiga simu. Kwenye simu nikibanwa nasema mtandao mbaya, nakata. Unanijua. Na wajukuu ninaokaa nao huku wangeniandikia upesi, lakini neno hili sikutaka lipite mkono wa mwingine. Herufi ni zangu, kubwa kama matofali, leo siku ya tatu naandika.

Iko hivi. Katika jumuiya yetu katekista alifundisha kwamba dhambi inashindwa tukiwa hai, hapa hapa, kwa nguvu ya Kristo. Alisema mtu asijidanganye kwamba atakuwa mwema akishafukiwa. Nikasimama. Nikawaambia mimi hilo nililimaliza zamani: pombe niliacha, tumbaku niliacha, kumfuata mtu kwa fimbo niliacha. Wanitazame vizuri, aliyeshinda dhambi anafanana hivi. Wakapiga makofi, hasa wageni wasionijua.

Mama Yusta, mjane anayeuza maandazi mbele ya geti letu, hakupiga. Yeye hunisikia kila siku nikimsema mdogo wangu Lukasi. Akaniambia kwa upole, kama anayemwambia mtoto afute kamasi: "Baba, pombe ndiyo iliyokuacha wewe, tumbo lilikataa. Sasa huyo Lukasi je, umemshinda au umemkimbia?"

Watu wakacheka. Nikachukua kofia yangu nikatoka. Wiki mbili sikula andazi lake, na nilikuwa nalipenda.

Mama Sabina, kaa chini. Unajua mwaka ule muhogo wa Lukasi, alioanika juu ya jiwe la baba, ulikutwa chini umeliwa na mbuzi. Unajua Lukasi alisema ni mimi. Na unajua niliapa kanisani nimeshika msalaba, nikasema ni upepo na mbuzi wake mwenyewe, na kwamba sikanyagi tena Ukerewe mpaka aje kuniomba radhi kwa kunisingizia. Meli inachukua saa tatu na kitu kufika huko. Mimi safari hiyo nimeifanya ya miaka minne.

Ni mimi.

Alikuwa ameanika juu kabisa, panapopata jua asubuhi hadi jioni. Pale ni mahali pa mkubwa, baba alinionyesha kwa kidole. Nikapanda kabla watu hawajaenda shamba, nikausukuma wote kwa miguu. Ulibakiza siku moja ukauke. Niliusikia ukigonga jiwe ukishuka, nikafurahi. Huko kufurahi ndiko kusikonitoka. Watoto wake walilala njaa msimu ule, na wewe kwa kuniamini ukaacha kuchota maji na mke wake, mtu aliyekukanda goti. Nimeungama mara nyingi tangu siku hiyo, hilo nikaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Jumanne niliomba ruhusa kazini nikashuka bandarini. Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Meli ikalia, miguu ikakataa. Mimi niliyepiga kasia kutoka Ukara tanga limechanika, nikashindwa kupanda ubao wa hatua nne. Nikaitazama meli mpaka ikawa ndogo kama ndege mnandi juu ya maji, na upepo ulikuwa unatoka kwetu. Nikasema, Bwana, hii siiwezi. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu, hata wewe. Sikusikia sauti yoyote. Ila wakati wa kurudi nilipita kwa Mama Yusta nikamweleza muhogo wote. Akanikatia kipande cha andazi, akauliza: "Na mkeo anajua?" Hapo ndipo nilipokwenda kununua daftari.

Sasa nakuomba. Waite Lukasi na mkewe, mkae chini ya jiwe kwa ajili ya goti lako, uwasomee, wewe uliyenishinda darasani. Usinitetee. Mwambie pale juu ni pake. Sisi tutaanika upande wa kivuli, hata muhogo ukiota ukungu. Nakuja Jumamosi. Akikataa kuniona nitarudi na meli hiyo hiyo, lakini nitakuwa nimekanyaga. Na nisikudanganye, mpaka sasa nikiliwaza jiwe moyo unasema pale ni pa mkubwa. Nausikia. Haujafa, ila kalamu sikuupa.

Nisalimie binti yetu Sabina na mumewe, na shangazi asiyeona, mwambie bado ninaimba kuwashinda wote.

Habari za jumuiya na andazi, Mama Yusta na katekista watathibitisha. Kiboko hahitaji shahidi, fuvu lipo nyuma ya nyumba. Muhogo una shahidi mmoja tu, Lukasi, aliyeniona akiwa mlangoni kwake. Muulize arudie alichosema siku ile. Ndivyo ilivyokuwa.

Mumeo,
Baba Sabina