Shangazi Amekataa Kutia Saini

Mama,

Nina mengi ya kukwambia hata sijui nianzie wapi. Shule yetu imepata kompyuta. Sita! Zimewekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya madawati, dirishani wametia nondo mpya na mlango una kufuli mbili. Wewe uliyepiga taipu ofisini miaka yote ile ungesimama pale mlangoni ukaanza kuuliza maswali, na mimi ningeona aibu.

Basi safari hii aliyeniaibisha ni wifi yako.

Tangu tukuzike nakaa hapa hapa Kigali, mtaa wa Gitega, kwa Shangazi Zaituni, nalala chumba cha nyuma ya cherehani yake. Ananitunza vizuri. Sasa mwalimu wa kompyuta, kijana aliyesomea Bujumbura, alimpa kila mmoja wetu karatasi ya masharti ya darasa. Mzazi aisome, atie saini. Asiyeirudisha kufikia Jumatatu hagusi mashine. Nilipofika kwenye neno mzazi... Niliikunja karatasi nikakaa nayo siku mbili, Mama.

Siku ya tatu nikampa Shangazi. Nilidhani atatia saini yaishe. Akasema, "Nisomee."

Imeandikwa Kifaransa, kwa hiyo nikawa nasoma na kumtafsiria. Kuvua viatu mlangoni. Kunawa mikono. Kutoingia na chakula. Kutoleta disketi kutoka nje.

"Disketi ndiyo nini?"

Nikamwambia ni kibamba cha plastiki cha kuwekea maandishi, na zile za nje huenda zikawa na virusi.

Akaacha kushona. "Mashine nayo inaugua? Inaambukizwa na nani?"

Sikujua. Na nilishangaa kwamba sikuwa nimejiuliza. Tukaendelea hadi sharti la saba: wavulana wataanza kutumia mashine, wasichana watatumia muda utakaobaki.

"Kwa nini?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Shangazi."

"Mimi siweki jina langu chini ya maneno nisiyoyaelewa." Akanirudishia karatasi.

Hapo nikasema neno baya. Nilisema wewe ungetia saini. Alirudi kwenye gauni la watu alilokuwa akilishona, na mshono ukaenda upande. Nilimwona akiufumua kidogo kidogo, kichwa ameinamisha.

Jumamosi alijifunga mtandio wake wa Idi akaniambia twende shuleni. Unajua njia ya Nyabugogo siku hizi, tangu vita vianze kule kaskazini. Pale kwenye kizuizi askari walikishika kitambulisho chake muda mrefu, wakakigeuzageuza. Nilimvuta mkono turudi nyumbani. Akasema, "Tumeshafika nusu ya njia," akasubiri mpaka wakamrudishia.

Mwalimu tulimkuta anafuta vumbi. Shangazi akavua viatu kabla hajaambiwa, kisha akaanza. Viatu kwa nini?

"Vumbi iko mbaya kwa mashine, Mama. Inaingia ndani, inaiharibu."

Na ugonjwa? Mwalimu akavuta kiti, akaeleza kwamba virusi hivyo ni maandishi tu, amri ambazo mtu amekaa akaziandika ili ziharibu kazi za wengine. Shangazi akaguna. "Mtu mzima na akili zake?" Nami nilitaka kujua hivyo hivyo! Mtu huyo yuko wapi, na sisi wa Kigali anatujulia wapi?

"Na hili la saba?"

Mwalimu akalisoma kama mtu anayeliona kwa mara ya kwanza. "Niliyanakili kutoka shule nyingine, Mama."

"Huko walikwambia sababu?"

"Hapana."

Mwalimu akachukua kalamu, akalikata lile sharti. "Tutapokezana," akasema. "Wiki ya kwanza wavulana wanaanza, wiki ya pili wasichana."

Ndipo Shangazi akatia saini, kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa madrasa. Mwalimu akaigeuza karatasi huku na huku, hajui juu ni wapi. "Ni jina langu hilo," Shangazi akamwambia. "Ukitaka uliza."

Wavulana walinung'unika wiki nzima. Jana zamu yetu ikafika, nikaketi. Herufi zinatokea za kijani, Mama, kwenye kioo cheusi, na ukikosea unafuta bila kuacha alama! Niliandika karibu nusu saa. Mara umeme ukakatika. Uliporudi, kioo kilikuwa kitupu. Kumbe kuna amri ya kuhifadhi, nami kwa furaha niliisahau.

Nikamuuliza mwalimu, "Maneno yangu yamekwenda wapi?"

"Hayakwenda popote. Hayapo tu."

Darasa likacheka. Lakini nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu. Kitu kilichokuwapo kinawezaje kutokuwa popote? Baada ya kengele nilimfuata nikamuuliza tena. Hakucheka. Alikuna kichwa, akasema, "Hadija, kwa kweli sijui nikujibu nini. Ngoja nitafute."

Shangazi nimemwomba radhi kwa lile neno. Alisema nimshikie kitambaa akate.

Kwaheri, Mama yangu. Ijumaa tutakuja kukung'olea majani, mvua imeyakuza sana. Na mwalimu akinipa jibu, naahidi wewe ndiye wa kwanza nitakayemwambia. Asiponipa, nitalitafuta mwenyewe.

Mwanao,
Hadija