Tumaini na Wasichana wa Safu ya Nyuma

Mdogo wangu Tumaini,

Namba yako haipatikani tangu Pasaka, na ile ya Kichina nikiipiga anapokea mwanamke anayefoka. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Barua hii naiweka kwenye magrupu yote ya Watanzania wa hapa Guangzhou, na wa kunicheka wanicheke. Mama anaumwa sana. Kisukari kilishachukua macho, hilo unalijua, sasa kimeingia kwenye figo, na kila nikipiga simu Iringa kitu cha kwanza anauliza uko wapi. Ukifika hapa unaweza kuacha kusoma ukampigia. Mengine utayakuta.

Kama bado unasoma, basi umebaki mbishi vilevile, na mimi nitaendelea kusema.

Unaikumbuka wiki ile ya mvua pale Xiaobei, kwenye chumba cha hoteli ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda? Sare za harusi tulizoagiza zilikuwa hazijatoka kiwandani, hatukuwa na la kufanya ila kula tambi na kugombania chaja. Ndipo ukaitoa kwenye simu ile filamu ya kale, ya nyeusi na nyeupe, ya zile za mwanzo kabisa sinema zilipoanza kutoa sauti. Wasichana wacheza shoo wamepangwa safu moja nyuma ya mwimbaji, manyoya kichwani, miguu inapanda na kushuka pamoja. Ulinieleza kwamba enzi hizo kipaza sauti kilikuwa kinafichwa kwenye chombo cha maua, ndiyo maana yule nyota kila akitaka kuimba analisogelea ua kwanza. Nilicheka mpaka nikapaliwa na tambi.

"Dada, achana na huyo nyota," ukaniambia. "Mwangalie yule wa pembeni kabisa."

Mwembamba, soksi moja imemshuka. Hasemi neno filamu nzima, ila ukimtazama vizuri unaona kila mara anachelewa kidogo kutabasamu, kama mtu aliyekumbushwa. Tulimpa jina, tukamwita Skola. Kila wimbo ukianza tunamtafuta Skola wetu, tunamshangilia kama ndugu yetu aliyepata kazi mjini. Kwenye wimbo wa mwisho hakuwepo. Wenzake walikuwa wamesogeleana, pengo limezibwa, manyoya ni yaleyale, na filamu ikaisha watu wanapiga makofi. Ukairudisha nyuma. Ukairudisha tena.

"Amekwenda wapi?"

"Kapata mchumba," nikasema, kwa mdomo wangu huu unaoujua.

Hukucheka. Ukasema, "Na hakuna hata mmoja aliyeuliza," halafu ukageukia ukutani, nami nikadhani umechoka tu.

Baada ya mwezi ukamleta yule mtu tuliyemwita Laoban, kama tunavyomwita kila bosi wa hapa, aliyekuwa anakusanya wasichana wa Kiafrika wa kutumbuiza maduka mapya, ya simu na magodoro, yakifunguliwa. Ulisema utaimba. Mama naye, mwalimu wa kwaya tangu hatujazaliwa, akakufokea kwenye simu kwamba hakukufundisha kuimba usharikani ili ukauze magodoro, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ulikata simu akiwa bado anasema. Ukaondoka na kibegi kidogo, na lile koti langu la kijani ambalo mpaka leo nalilia.

Sasa nikwambie kitu ambacho unakijua. Kuna siku, wewe umeshaondoka, nilikuwa naelekea Shiling kununua mikoba. Foleni ilipotukamata nikasikia muziki, nikaona maputo mbele ya jengo jipya, na ninyi mmepangwa safu juu ya jukwaa nyuma ya kijana wa Kichina mwenye suti inayometameta. Nilimwacha dereva na gari lake nikakimbia. Mdomo wako ulikuwa unafunguka na kufungika, lakini sauti iliyotoka kwenye maspika haikuwa yako. Tumelala kitanda kimoja tangu utoto, Tumaini. Sauti yako naijua hata ukipiga miayo. Kumbe hata kuimba hawakukuruhusu, wanataka mdomo tu.

Na uliniona. Macho yako yalitua kwangu yakakaa ubeti mzima, na miguu inapanda pamoja na ya wenzako. Nikapunga mkono. Ukatabasamu tabasamu lile la jukwaani, ukageuza uso pale mlipotakiwa kugeuza uso. Wimbo ulipokwisha nikazunguka nyuma, nikamwonyesha Laoban picha yako. "Meiyou, meiyou," akasema, hakuna, hakuna, huku anapunga mkono vile wauzaji wa soko la Liuhua wanavyokufukuza ukitaja bei ya chini. Kigari chenu kikaondoka mapazia yamefungwa.

Nilikukasirikia sana. Nilirudi Xiaobei bila mkoba hata mmoja. Hasira sasa imekwisha, imebaki hofu, na hofu ni mbaya zaidi kwa sababu haina wa kumsema. Sijui unalala wapi. Sijui pasipoti yako unayo wewe au anayo yeye. Sijui kama ulikataa kuja kwangu au ulikatazwa, na nikilala naanza kesi upya, leo nakutia hatiani, kesho nakuachia. Kama unaona aibu, mdogo wangu, aibu ya nini mbele yangu? Mimi ndiye niliyekufulia nepi.

Ndege yangu ni Alhamisi. Daktari amesema nisichelewe.

Jumapili iliyopita nilipiga simu kama kawaida. Neema, yule binti wa shangazi anayemuuguza mama, akamwekea simu sikioni. Mama akauliza, "Tumaini yupo?" Nimejibu swali hilo mara nyingi, yuko kazini, yuko safarini, na kila mara anauliza upya. Unajua sauti zetu zilivyofanana, hata wachumba zako walikuwa wanakosea. Nikalainisha koo nikasema, "Nipo, mama."

Laiti ungemsikia! Alicheka. Akaniuliza kama nakula, kama nimenenepa, kama dada yangu Eliza bado ana gubu. Nikasema gubu limezidi. Nikaomba msamaha kwa niaba yako, akasema, "Mbona nilikusamehe siku ileile, nilikuwa nasubiri upige." Nililia kimyakimya, nikawa naona kama nakuibia maneno yako.

Halafu akasema, "Niimbie ule wa mavuno." Ule alioutunga mwenyewe. Akanipa sauti kama alivyokuwa anatupa usharikani, do, mi, so, kwa koo lile lililochoka, nami nikaimba. Wewe ni sauti ya kwanza, mimi sauti ya pili, ndivyo alivyotupanga tukiwa watoto na hatujawahi kubadilishana. Nilidhamiria kuimba ya kwako. Wallahi nilidhamiria. Lakini koo halina akili, linakwenda lilikozoea. Nikafika ubeti wa pili ndipo nikajisikia, niko chini kule, nashikilia wimbo ambao hakuna anayeuimba.

Mama hakunikatiza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Umeimba vizuri, Eliza. Haya, mpe mwenzio simu, na yeye aimbe ya kwake."

Nikamwambia umetoka kidogo, unarudi sasa hivi. Akasema sawa, atasubiri. Neema alitaka kuichukua simu ampe dawa, mama akakataa. Nilimsikia akihema pale, na mimi sikuthubutu kukata.

Bado anakusubiri, Tumaini. Mpigie.

Dada yako,
Eliza