Iliki ya Ottmar

Nuremberg, Desemba

Dada Roswitha,

Huku baridi inauma, ila magoti bado yananibeba. Kila jioni nawatembeza wageni kwa miguu soko la Krismasi, tunaonja soseji, mvinyo wa moto, na mwisho keki za asali kwenye kibanda cha Ottmar.

Ile homa ya Oktoba iliniondolea ladha yote mdomoni. Usimwambie mtu, kibarua kisije kikaota nyasi. Wageni nawasimulia ladha ninazozikumbuka kutoka jikoni kwa mama.

Jana nikawaambia, "Sikilizieni iliki inavyokuja mwishoni." Wote wakafumba macho, wakatafuna, wakakubali kwamba imekuja. Bwana mmoja akadai imempanda hadi puani.

Walipotangulia, Ottmar akaniinamia. "Irmgard, mwaka huu iliki sikutia. Imepanda bei mno."

Akanitazama, akaelewa.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa."

Akaendelea kupanga keki zake.

Leo nimefika na wageni wengine. Kabla sijafungua mdomo, Ottmar akanikonyeza. "Wewe sema tu, bibie. Leo ipo."

Njoo Krismasi, nitapika bata bukini. Chumvi utaonja wewe.

Mdogo wako,
Irmgard