Mzigo Niliompokea Bi Odessa

Falls Church, Virginia
Jumatatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Goti limepungua kuuma? Na kile kikohozi cha asubuhi? Mimi mwili ni mzima, ila nina malengelenge miguuni, na moyo haujatulia tangu Ijumaa. Naomba ukae kitako kabla hujaendelea, na kama shangazi Koku ndiye anayekusomea, naye akae.

Nilikuambia kwenye simu kwamba nimeomba ruhusa kazini niende hija ya miguu, siku nne, kutoka kusini mwa Maryland hadi kanisa moja dogo nje ya Upper Marlboro. Sababu unaijua. Baba alizikwa mimi nikiwa huku, karatasi zangu hazijakamilika, nikitoka sirudi. Kaka Projestus alinishikia simu nione, nikaona migongo ya watu na mwavuli, mtandao ukakatika, basi. Udongo sikutupa. Tangu siku hiyo silali vizuri, nikajisemea labda nikitembea kwa ajili yake nitapata nafuu.

Kutembea kwenyewe hakuna maajabu. Unaamka, unabandika plasta vidoleni, unakunywa kahawa ambayo mtu wa Bukoba angeimwaga. Rozari ya kwanza mnaisali mkiwa bado mna pumzi, halafu ni hatua tu, kando ya mashamba ya mahindi, magari yakipita vuu. Saa sita mkate na siagi ya karanga. Jioni sakafu ya ukumbi wa parokia, mnanawa miguu kwa zamu, mnalala. Kesho yake vilevile. Siku ya pili nikaanza kuipenda, kichwa kilikuwa kimenyamaza.

Sasa sikia balaa la siku ya tatu. Tulikuwa na Bi Odessa, Mmarekani mweusi wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu. Kiswahili alijifunza chuoni enzi za usichana wake, na anakisema taratibu, neno moja moja. Nikimwamkia, anaitika marahaba mpaka macho yanacheka. Asubuhi hiyo nikaona mkoba wake wa mgongoni umeegemea ukuta, mwenyewe kaenda msalani. Mama, ulinilea vipi? Mzee asibebe mzigo na mimi kijana nipo. Nikaubeba mgongoni, wangu nikauning'iniza kifuani, nikaenda zangu mbele na wenye mwendo. Nani huomba ruhusa kumpokea mzee mzigo?

Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia. Saa sita tukapumzika kivulini, nikaulaza nyasini, nikaufanya mto. Usingizi ulikuwa mtamu! Aliyeniamsha ni Otieno, rafiki yangu wa Kisumu.

"Wee Deus, hiyo bag ni ya nani? Yule mathe anatafuta yake tangu morning. Amepanic, wanataka kucall polisi!"

Kabla sijajibu, Bi Odessa akatokea anahema, machozi yamemkaukia mashavuni. Nikasimama, nikachekacheka kama mpumbavu.

"Shikamoo Bi. Nilikupokea mzigo."

"Marahaba," akasema, maana hata katika hasira heshima hakuiacha. "Huo si mzigo, Deus. Huyo ni mume wangu."

Nikadhani jua limempiga. Akapiga magoti, akafungua zipu, akanionyesha kopo jeusi lililoviringishwa kwenye shati la kiume. Walimchoma, Mama! Mtu mzima, mume wa mtu, kawa majivu, na mimi nimembeba tangu asubuhi, tena nimemlalia! Nilipiga yowe. Nikanawa mikono mpaka maji ya chupa yakaisha. Hata sasa ninapoandika nasisimkwa.

Yeye ndiye aliyenituliza. Walikuwa wamepanga kutembea njia hii pamoja, moyo wa mzee ukasimama kabla, sasa alikuwa anampeleka akazikwe kule kanisani. Asubuhi ile alidhani amempoteza mara ya pili. Nilimwomba radhi nikilia, nikajikuta namweleza habari za Baba, zote. Akasikiliza, akafunga zipu, akanirudishia mkoba mgongoni.

"Umeshamzoea," akasema. "Maliza naye."

Ningekataa vipi? Siku ya nne nilitembea nimekakamaa, sithubutu hata kukohoa.

Kanisani shimo lilikuwa limeshachimbwa, dogo tu, kama la kupandia mgomba. Hilo nalo lilinishtua. Bi Odessa hana mtoto. Padri alipomaliza, yeye Bi akatupa udongo, kisha akanigeukia: "Na wewe, mwanangu." Nikainama, nikashika udongo. Nilitaka kusema pumzika kwa amani, mzee. Mdomo ukatoa: "Baba, nisamehe nimechelewa." Kwa Kihaya, Mama, kwa sauti, mbele ya watu wote! Nikatupa, nikaangua kilio. Wenzangu hawakujua wanifanyeje. Bi Odessa akanishika bega, akasema amina.

Nisalimie kaka Projestus, mwambie simlaumu kwa mambo ya mtandao. Msalimie mdogo wangu Asela anayekuchotea maji, na shangazi Koku, ambaye najua hapa ameshajifuta macho kwa kanga. Padri wetu usimwambie kwanza.

Tangu Jumamosi nalala, Mama, na hilo ndilo linalonitisha. Mtu si wetu, nchi si yetu, na ni majivu. Niambie wewe uliyeishi naye: nimemzika Baba, au nimemzika mume wa mtu tu?

Mwanao,
Deusdedit