Mashine ya Theluji ya Fundi Ndalahwa wa Igoma

Mwaka umetimia, mpendwa wetu Ndalahwa Malimi, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipoketi kando ya trekta pale Igoma na usiinuke tena. Mpaka leo tunalitaja jambo hili kwa sauti ya watu wasioamini.

Trekta lenyewe lilikuja limetumika Japani, na mbele yake limefungwa dude jekundu lenye meno. Ni wewe uliyeulizia mpaka ukaambiwa kuwa ni mashine ya kurushia theluji. Igoma nzima ilicheka. Venant, mwenye trekta na kinu cha mpunga, alitaka dude lile likatwe liwe chuma chakavu. Ukamwomba akupe wiki mbili.

Ulifungua gia boksi ukakuta maji yamechanganyika na oili. Cheni ilikuwa imeota kutu, beringi zimeganda. Ulivitengeneza kimoja kimoja, ukapaka grisi, kisha ukalielekeza trekta kwenye kichuguu cha pumba nyuma ya kinu, kile kilichokuwa kimepita paa na kila upepo ukikipeleka majumbani mwa watu. Mashine ikazimeza pumba na kuzirusha moja kwa moja ndani ya lori la wachoma matofali. Waliokucheka wakaja kutazama, wakarudi tena na wenzao.

Ulikuwa mtu wa salamu. Mzee akileta pampu mbovu, ulimwamkia kwanza na kumuuliza habari za ng'ombe wake, pampu ikafuata baadaye. Hukupokea chai kabla hujajifuta mikono mpaka kwenye viwiko.

Halafu, pasipo sababu tuliyoijua, ukaanza kumwita mkeo Sabina gereji. Sabina alikuwa muuza dagaa, hajawahi kushika spana, na alidhani unamtania. Ulimfundisha kuzima injini na kutia ufunguo mfukoni kabla ya kugusa chochote. Ulimwonyesha sehemu sita za kupigia grisi, apige mpaka ile ya zamani itoke, kisha aifute maana inashika mchanga. Cheni haipigwi grisi, ni ya oili. Pini laini zinazoshikilia meno zimewekwa ili zikatike zenyewe meno yakikwama na kuokoa gia, kwa hiyo asije akaweka bolti ngumu mahali pake.

Alinung'unika kwamba wateja wake wanamsubiri sokoni. Akakuuliza kwa nini humfundishi mdogo wako Yakobo, ambaye yuko gereji kila siku.

"Yakobo ana nguvu," ulimjibu. "Wewe una makini."

Jumanne ile ulimwambia apige grisi peke yake, kisha apande awashe. Aliwasha. Pumba ziliruka juu kama zinavyotakiwa, naye akageuka ili umwone. Ulikuwa umekaa chini, umeegemea tairi, kichwa umekiinamisha. Alidhani unacheka. Akazima, akashuka taratibu, akasema, "Baba Mihayo, umeona?"

Hukumjibu.

Watu walisema mashine ya ugenini imemmeza bwana wake. Sabina mwenyewe alikaa siku kadhaa akiamini kuna kitu alikosea kukigusa, ingawa daktari alishasema ni moyo. Tulikuzika Kisesa. Siku ya tatu, Yakobo alipokuwa akipanga boksi lako la vifaa, alikuta cheti cha kliniki chini ya makopo ya grisi. Kilisema moyo wako umepanuka na kwamba uache kazi nzito. Tarehe yake ilikuwa siku moja kabla ya somo la kwanza la Sabina.

Ulijua, Ndalahwa. Wiki tano ulikula nasi na kucheka nasi, na ulijua. Binti yako Odeta, ambaye ni muuguzi na alistahili kuwa wa kwanza kuambiwa, alikisoma cheti mara mbili, kisha akakiweka chini. Hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.

Sabina hakulia. Jioni ndipo aliposema, "Alikuwa ananiaga, na mimi namwambia aniache nikauze dagaa."

Ulimwachia kazi, naye ameishika. Mwezi wa tano pini ilikatika mbele ya umati pale kinuni, akaibadilisha mwenyewe na kuendelea. Wakulima wa Magu na Misungwi wanamwita fundi, naye anaitika. Mashine ni nzima.

Unakumbukwa na wanao Mihayo na Odeta, mdogo wako Yakobo, dada yako Rebeka, wajukuu, Venant na majirani wote wa Igoma. Unakumbukwa na mkeo Sabina. Ametutuma tukwambie kwamba kunyamaza kwako amekusamehe. Kuondoka kwako, bado.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.