Nimenunua Kidogo, Usiogope

Jumatano, 2 Julai

Baridi kali. Nimemgeuza saa kumi na moja alfajiri, nimemgeuza tena saa moja. Uji nusu kikombe. Dawa ya presha kameza, ile nyingine kaitema kwenye shuka. Mama mkwe amemkanda mkono wa kulia kwa maji ya moto. Mkono haujibu.

Daftari hili nililinunua la kuandikia dawa. Sasa naandika kila kitu. Sina wa kumwambia.

Saa nne niko dukani Mwanjelwa, namfungia mteja cheni na sproketi ya pikipiki, simu ikalia. "Baba Rehema, nimenunua kidogo. Usiogope." Nikaacha kila kitu. Mteja akasubiri.

Mke wangu Zawadi hajatamka neno tangu kiharusi cha Aprili. Ujumbe wake bado unakuja.

Ni programu. Aliiandika mwaka jana, jioni, akitoka chuoni alikokuwa anafundisha kompyuta. Inaingia yenyewe kwenye soko la mtandaoni la sarafu za kidijitali, inasoma bei kila dakika. Ikishuka inanunua, ikipanda inauza. Kila inapofanya jambo inaniandikia. Maneno kaandika yeye. Jumbe ziko sita tu, nazijua zote kwa moyo. Zamani nilikuwa namcheka. Nilimwambia ameajiri karani asiyekula.

Ijumaa, 4 Julai

Barua pepe kwenye kompyuta yake, kutoka sokoni. Kiingereza. Nimeisoma mara tatu, maneno mawili nikayatafuta kwenye kamusi. Wanabadilisha API, yaani ule mlango ambao programu inapitia bila mtu kubofya chochote. Mlango wa zamani unafungwa tarehe 31. Programu isiyorekebishwa itakataliwa.

Niseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Hela iliyomo ni ndogo. Na siwezi kuitoa. Ufunguo aliouweka kwenye programu unaruhusu kusoma bei, kununua na kuuza, basi. Alipanga makusudi. "Mwizi akiupata atacheza tu, hatabeba." Kutoa kunataka nywila yake, na uso wake mbele ya kamera. Nilijaribu mara moja, mwezi Mei. Nikamkalisha na mito, nikamgeuza kichwa kwa mkono wangu. Mdomo umeegemea upande. Mashine ikasema huyu si mwenye akaunti.

Nilizima simu nikaenda kukaa chooni.

Kwa hiyo si hela. Ni ujumbe. Ukikoma nitabaki na nini?

Jumapili, 6 Julai

Nimefungua faili lake kwa mara ya kwanza. Mistari mia mbili na kitu. Sielewi hata mmoja. Lakini katikati kaacha maelezo kwa Kiswahili, ya kujikumbusha mwenyewe. "Hapa pasiguswe, palinitesa siku mbili." Kwingine: "Jaribu tena mpaka ikubali." Nilikuwa kama namsikia anaguna.

Nikambebea kompyuta kitandani. Nikamwuliza, Mama Rehema, nibadilishe wapi?

Alitazama skrini muda mrefu. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akaweka kidole. Mstari wa arobaini na moja.

Nimeuandika mstari huo kwenye kiganja, kama mwanafunzi mwizi wa mtihani. Yumo ndani. Anajua.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na beseni. "Mwanangu, mwache apumzike." Sikumjibu. Vibaya. Ametoka Kalenga, ameacha shamba lake tangu Aprili, anamwosha mwanawe kama mtoto, nami simjibu.

Jumamosi, 12 Julai

Lusajo amekuja. Alikuwa anafundisha na Zawadi chuoni. Alisimama kando ya kitanda akamsalimu kwa sauti ya juu, kama watu wote, kana kwamba ni kiziwi. Halafu tukakaa sebuleni.

Kasoma faili lote akinywa chai. Anasema limeandikwa kwa usafi. Nilifurahi kana kwamba nimesifiwa mimi.

Kazi yenyewe kanieleza hivi. Kila ombi linalokwenda sokoni linapigwa saini kwa ufunguo wa siri, pamoja na saa lilipotumwa. Anuani imebadilika, na namna ya saini. Na majibu yanarudi kwa sura mpya. Nikamwuliza kuhusu mstari wa arobaini na moja. Akautazama.

"Huu? Huu unahesabu tu sekunde za kusubiri. Hauna uhusiano."

Labda Zawadi anaona kitu ambacho Lusajo haoni.

Mlangoni akanishika bega. "Kaka, kwa nini usiifunge tu? Uuze vilivyomo, uzime." Nikamwambia hapana. Anasahihisha mitihani mpaka mwisho wa mwezi, hawezi kunifanyia. Kanielekeza soko la majaribio, la hela za bandia, nijifunzie huko. Kaniapisha nisiguse soko la kweli kabla ya kujaribu kila kitu huko.

Alhamisi, 17 Julai

Siku tano. Najifunza mchana dukani, kati ya mteja na mteja. Ombi la kwanza: bei tu, halina saini. Nikabonyeza. Namba ikaja. Kitu nilichoandika mimi muuza spea kimekwenda kusikojulikana kikarudi na jibu. Nilisimama peke yangu nyuma ya kaunta nikicheka. Dakika tano nzuri kuliko zote tangu Aprili.

Ombi la pili, lenye saini. Limekataliwa. Tena. Tena. Siku mbili zimekwisha kwenye kosa moja. Leo nimegundua: saa ya kompyuta imechelewa, soko linadhani ombi langu ni la zamani. Nikarekebisha saa. Likapita.

Nimeuza plagi za pikipiki nyingine kwa mtu wa pikipiki nyingine. Kazirudisha kwa matusi. Rehema anasema viatu vyake vya shule vimetoboka, ameniambia tangu juzi. Kweli aliniambia.

Jumatatu, 21 Julai

Nilifika pagumu. Nikaenda kumwuliza tena.

Nikamwekea kompyuta. Kidole kikashuka. Chini, upande wa kushoto. Nikasogeza ukurasa, mistari mingine kabisa. Kidole kilekile, pembe ileile.

Nikakaa. Kisha nikaenda ukutani nikaondoa kalenda ya duka, yenye picha ya pikipiki. Nikamshikia mbele ya uso. Nikamwuliza, Mama Rehema, nibadilishe wapi?

Akatazama muda mrefu. Kidole. Chini, kushoto.

Nikaleta mfuko wa unga wa sembe.

Sitaandika zaidi leo.

Jumamosi, 26 Julai

Uji robo. Dawa zote kameza.

Mama mkwe kasema anataka kumpeleka Kalenga. Nyumba yake haina ngazi, dada zake wako jirani watamsaidia kumgeuza, mgongo wake mwenyewe umeanza kumuuma. Nikasema hapa Mbeya hospitali iko karibu. Akasema, "Hospitali imeshatuambia la kutuambia." Nikasema tusubiri mwisho wa mwezi. Akauliza mwisho wa mwezi kuna nini.

Alhamisi, 31 Julai

Nimeharibu.

Nilikuwa nimejaribu kusoma bei, kusoma salio. Kununua sikujaribu. Muda uliniishia. Asubuhi nikaiwasha kwenye soko la kweli, nikaiona inasoma bei vizuri, nikaenda kazini kifua mbele.

Saa kumi jioni Rehema alikuwa ametoka shule, amekaa dukani na daftari lake. Simu ikalia. "Baba Rehema, nimenunua kidogo. Usiogope." Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Imepona! Nimeitengeneza kwa mikono yangu!

Ikalia tena. Maneno yaleyale. Ikalia tena. Ikalia kabla sijaisoma. Rehema kaichukua, anasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa sauti, kama anavyosoma ubaoni.

"Nimenunua kidogo usiogope. Nimenunua kidogo usiogope. Baba, mbona Mama anasema usiogope mara nyingi hivi?"

Nikamwachia jirani duka. Nikamshika Rehema mkono, tukapanda bajaji. Simu inalia njia nzima. Nimeingia nyumbani na viatu, nimechomoa waya, kompyuta ikaendelea kwa betri, nikashindwa kukumbuka inavyozimwa. Nimeifunga kifuniko nikaikalia. Ndiyo. Niliikalia.

Ujumbe ukakoma. Zawadi alikuwa ananitazama. Au anatazama upande wangu.

Ijumaa, 1 Agosti

Lusajo kapita baada ya swala. Kafungua, kaona mara moja. Soko lilikuwa linajibu kwamba limenunua, ila kwa neno jipya. Programu ilikuwa inasubiri neno la zamani. Ikadhani haijajibiwa, ikaagiza tena. "Jaribu tena mpaka ikubali." Imenunua mpaka hela ikaisha, yote sarafu moja, na sarafu hiyo tangu jana inashuka tu.

"Nikurekebishie? Sasa nina nafasi."

Nikamwambia hapana.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini. Nadhani ni hivi. Siku zote ujumbe ukija nilikuwa naona anaandika, namwona kabisa, kitenge kichwani, miguu juu ya stuli. Jana ulipolia mara ya ishirini, ya thelathini, sikumwona. Niliona mashine tu. Nikauona na ule wa kwanza ulivyokuwa. Miezi mitatu nimekuwa naongea na waya.

Nimeufuta ufunguo ndani ya faili. Vilivyonunuliwa vimebaki huko huko. Hakuna wa kuvigusa, mimi wala mwizi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Mama mkwe sawa. Amchukue.

Hakufurahi, hakusikitika. Akaanza kukunja nguo.

Jumamosi, 9 Agosti

Gari la kukodi, kiti cha nyuma tumekitandika godoro. Igawa tulisimama kumbadilisha nguo, wanawake wawili wauza vitunguu wakatuzungushia khanga bila kuombwa. Tukapita Iringa mjini. Kihesa ndipo tulipopanga chumba cha kwanza, mimi na yeye. Sikumwonyesha.

Kalenga wametupokea watu wengi. Wakaimba wimbo wao wa kanisani. Mimi Mwislamu nimesimama na viatu mkononi. Rehema kalia wakati wa kuondoka mpaka kikamkaba kikohozi. Mimi sikulia. Machozi sina.

Jumapili, 24 Agosti

Nimekwenda Kalenga na Rehema. Amekonda kidogo. Nguo safi, nywele zimesukwa. Alinitazama kama anavyomtazama kila mtu.

Mama mkwe alikuwa anapukuchua maharage uani. Tukamleta Zawadi kwenye kiti cha jua, mimi nikaketi upande wa pili wa ungo nikasaidia. Rehema alikwenda kucheza na binamu zake. Maganda yanavunjika, basi.

Kisha Mama mkwe akasema, bila kuinua macho, "Watu wa hapa wananiuliza alikuwa anafanya kazi gani. Mimi nawaambia kompyuta. Wananiuliza kompyuta nini, siwezi kusema."

Nikafikiri. Nikamwambia alikuwa anaandika maneno ambayo mashine inayaelewa. Alikuwa anaiagiza sokoni, inakwenda, inauliza bei, inarudi kumwambia.

"Na ilikuwa inamsikia?"

"Ilikuwa inamsikia, Mama."

"Alikuwa na akili sana," akasema.

"Sana."

Tukaendelea na maharage. Alikuwa, alikuwa. Naye ameketi hapo hapo katikati yetu, jua usoni, anapumua. Nilisikia tulichokuwa tunasema. Nadhani na yeye Mama alisikia, maana mikono yake ilisimama kidogo. Hakuna aliyejisahihisha.

Jua likahama. Tukashika kiti, yeye huku mimi kule, tukalifuata.