Kutoka Leya Hadi Nodi, Mtoto Mgongoni

Jumatatu, 3 Machi

Chepkoech amenyonya, amecheua, amelala. Nepi ziko kwa kamba, jua limejificha tena. Nimepika uji na kumwaga nusu. Ni hasira. Wacha niandike.

Leo nilienda Bomet mjini kumwambia Bwana Rono kwamba likizo yangu ya uzazi inaisha mwezi huu na ninarudi kazini. Niko katika studio yake tangu ikiwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Video za kwaya, harusi, matangazo ya mbegu. Malaika wanaoshuka kwenye nyimbo za injili za upande huu, wengi nimewashusha mimi.

Nimekuta koti la mtu kwenye kiti changu. Kompyuta yangu inaonyesha kitu sikijui. Visanduku vidogo vimetapakaa kwenye skrini, vimeunganishwa kwa nyuzi, kama shanga zimemwagika.

Rono akasema studio imehama. Leya wameacha, zile tabaka za picha nilizozoea, sasa ni nodi, hivyo visanduku. Kuna filamu imeingia, na watu wa filamu wanataka nodi. Amemleta Dennis Momanyi kutoka Kericho afanye hiyo kazi. Mimi nitakaa mapokezi, nipokee wateja, nijibu simu.

"Ni kazi rahisi, Faith. Na uko na mtoto mdogo."

 Nilienda kwa kile kiti, nikakirudisha kwa kimo changu, halafu nikaondoka.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Kibet. Mume wangu anauza chakula cha mifugo Mulot, na jioni anarudi na vumbi la pumba mpaka kwa kope. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mapokezi si mbaya. Kuna kivuli, kuna chai, na hakuna macho kuuma.

Nimemchukia mpaka kikombe kikapoa.

Sitaki kivuli. Nataka kazi yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Saiba ya Longisa, kwenye intaneti ya kulipia. Nimepakua programu ya nodi, toleo la bure. Mama mkwe alikaa nje na mtoto, akisalimia kila mtu anayetoka hospitali.

Nyumbani nikaifungua kwenye laptopu yangu nzee. Feni inalia kama kinu cha posho. Skrini tupu.

Kwenye leya najua mahali pa kusimama. Anga chini, mlima juu yake, mtu juu ya mlima, malaika juu ya mtu. Unapanga kama blanketi kitandani, na ya juu ndiyo inaonekana. Hapa hakuna juu wala chini. Kila jambo ni sanduku lake: la picha, la rangi, la kukata, la kuunganisha. Wewe unavuta uzi kutoka moja hadi lingine.

Nikavuta. Skrini ikawa nyeusi. Nikavuta kwingine. Nyeusi.

Nililia kidogo. Chepkoech naye akaanza. Mama mkwe akatuambia tunyamaze wote wawili.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani kila mtu ana ushauri. Tulia ulee. Mtoto ni baraka, kazi itakuja.

Nilisema nitalea na nitafanya kazi. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Mzee wa kanisa akageuka. Sawa, ageuke.

Jumanne, 11 Machi

Leo imeingia akilini.

Mama mkwe alikuwa anatengeneza birika la ng'ombe. Akafunga koki ya upande ule, maji ya jikoni yakaendelea kutoka kama kawaida. Nikasimama na sufuria mkononi kama mjinga. Bomba moja linatoka kwa chemchemi, linagawanyika, na kila tawi lina koki yake.

Nikarudi kwa laptopu na mtoto kifuani. Picha moja. Nikatoa nyuzi mbili kutoka kwake, moja ikaenda kwa rangi, moja ikaenda kwa ukungu. Nikaziunganisha mbele. Nikazima rangi, ukungu ukabaki. Nikaona picha, si giza!

Kosa langu la Ijumaa lilikuwa dogo. Sanduku la kuunganisha lina mlango A na mlango B, na A ndiyo inakaa juu. Nilikuwa nimeigeuza. Kitu kidogo hivyo, na nilijiona mpumbavu kwa siku kadhaa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemwendea Dennis saa ya chakula, kibandani karibu na studio. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Haikuwezekana. Ni kijana mwembamba, baba yake alitoka Kisii zamani kuja kuchuna chai Kericho, na anakula ugali kama mtu anayekimbizwa.

"Siste, mimi sikuambiwa kiti ni cha mtu," akasema.

Nikamwambia sasa ameambiwa. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Filamu ina shoti nyingi, vipande vya picha vya kutengenezwa, na yuko peke yake. Kuna moja haijaguswa hata kidogo, na Madam Joyce, mwongozaji wa filamu, anakuja kuiangalia Ijumaa ya wiki ijayo. Rono amemwahidi itakuwa tayari.

Nikaomba hiyo. Akanitazama. Nikasema, "Nikishindwa, hakuna mtu atajua. Nikiweza, nitasema ni mimi."

Akanipa ndani ya flashi.

Jumamosi, 15 Machi

Shoti yenyewe. Mwanamke mzee anapita katikati ya mistari ya michai, anaita ng'ombe wake aliyepotea. Hadithi inataka ukungu mzito. Siku waliyopiga picha, jua lilikuwa kali na anga safi kabisa. Kericho, siku zote za mwaka, wakaangukia hiyo.

Kwa hivyo ukungu ni wa kutengeneza. Mwingine nyuma yake, mwingine kati ya mistari, mwingine mbele ya miguu. Lazima nimchore mpaka wake, picha moja baada ya nyingine, kitambaa cha kichwa, kiwiko, fimbo. Ndiyo kazi ya mikono, na mikono ninayo. Hapo hakuna leya wala nodi.

Nachora Chepkoech akilala. Akiamka naacha. Akilala tena narudi. Mama mkwe anasema nitaharibu maziwa kwa kuwaza. Namwacha aseme, ananisaidia sana.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya. Mpaka uko tayari, ukungu uko tayari, na mwanamke amezungukwa na ukingo mweusi, kama amekatwa kwa makasi yenye masizi. Nimejaribu kila kitu. Kwenye leya jambo hili halikuwahi kunisumbua. Programu ilikuwa inalimaliza yenyewe kimyakimya, na mimi nikadhani najua kazi.

Chepkoech amekataa kikombe. Maziwa niliyokamua yamemwagika kwa kanga yote. Kama hatakubali kikombe, nitarudi kazini vipi?

Kibet akaniuliza kama Rono bado anashikilia yale ya mapokezi. Nilimwambia asitaje hilo neno ndani ya nyumba hii.

Jumatano, 19 Machi

Nilimtumia Dennis picha ya ule ukingo, naye ametuma sauti kwa simu. "Umepaka rangi baada ya kukata. Rudi nyuma. Paka kwanza, kata baadaye." Basi. Hakuniuliza kama nimechoka.

Nikatoa lile sanduku la rangi, nikalirudisha kabla ya sanduku la kukata. Ukingo ukatoweka.

Na nimeona jambo lingine. Mpaka wa yule mama nimeuchora mara moja tu. Uzi wake unaenda kwa ukungu wa nyuma, wa kati na wa mbele. Nikirekebisha kiwiko mahali pamoja, kote kunafuata. Kwenye leya ningekuwa na nakala tatu, na ningesahau moja. Nilikuwa nasahau kila mara.

Leya hazikunikosea. Zilinilisha, zilinijengea jina. Lakini sirudi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeenda. Mtoto mgongoni, laptopu mkononi, mama mkwe nyuma yangu amevaa viatu vya kanisani. Sikumwomba aje. Alisema tu anataka kuona hicho kiti.

Madam Joyce alikuwa ameshafika. Ni mwanamke mrefu, mtulivu, anavaa gambuti hata mjini. Rono aliponiona akasema ningoje nje. Nikasema ile shoti ya ukungu ninayo mimi.  Dennis akasogeza kiti chake kando na kuvuta waya wa skrini kubwa mpaka kwa laptopu yangu. 

Madam Joyce akaitazama. Akaitazama tena. 

"Ni nzuri," akasema. "Lakini ukungu umemficha uso wakati anaita. Nataka huo ukungu umkaribie, halafu umwache. Na utoke upande wa kushoto."

Rono akaanza kusema kwamba mabadiliko kama hayo yatachukua wiki. Wakati huo Chepkoech akaamka akilia. Nikamfungua mgongoni, nikamweka kwa titi, nikajifunika leso. Mkono mmoja ulibaki. Nikafuata ule uzi wa ukungu wa mbele, nikaugeuza upande, nikaongeza sanduku moja la kuupunguza usoni. Vingine vyote sikuvigusa. Mtoto alikuwa bado ananyonya nilipoicheza tena.

Mwanamke akaita. Ukungu ukamkaribia, ukamwacha.

Madam Joyce akasema, "Hiyo." Akauliza jina langu. Nikamwambia lote, Faith Chelangat, nikamwambia na kazi yangu.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Njiani kurudi aliniambia yule mama kwenye skrini hajui kuita ng'ombe. Ng'ombe haitwi hivyo, atafikiri anafukuzwa.

Jumamosi, 22 Machi

Rono amepiga simu. Sauti tamu. Ati nimefanya vizuri. Ati nitapewa shoti nyingine nifanyie nyumbani, nikiwa wa mapokezi vilevile, na kwenye filamu litaandikwa jina la Dennis ili wasichanganyikiwe.

Nikamuuliza nani atachanganyikiwa.

Akasema nisiwe mgumu. Nikasema nimekuwa laini siku zote na nilichopata ni koti la mtu kwenye kiti changu. Kazi yangu, jina langu, mahali pangu. La sivyo atafute mwingine.

Nikakata simu. Kibet alikuwa anakatia ng'ombe nyasi na alisikia yote. Akaweka panga chini. Nilingoja aseme habari ya kivuli.

"Mimi nilikuambia vibaya siku ile," akasema. Akaendelea kukata.

Jumanne, 25 Machi

Kimya. Simu haijalia.

Ninaogopa. Wacha niseme ukweli hapa, hakuna mtu anasoma. Hakuna studio nyingine Bomet. Kericho ni mbali kwa mtu anayenyonyesha. Nimejifunza kitu kizuri na huenda nikakifanya peke yangu mezani, ukungu bila filamu.

Hata hivyo singebadilisha neno hata moja.

Chepkoech amekubali kikombe. Alikunywa kidogo, akamtemea nyanya yake, akanywa tena.

Alhamisi, 27 Machi

Rono amekuja mwenyewe. Mpaka Longisa, mpaka uani, matope kwa suruali. Mama mkwe akampa kiti na mursik, maziwa ya mgando, kwa kibuyu, kama mgeni wa heshima. Ilibidi anywe kwanza kabla ya kusema, na nikafurahi.

Dennis amekataa. Alimwambia Rono hataweka jina lake kwa kazi ambayo hakuifanya. Na Madam Joyce ametuma shoti zaidi na kuuliza kama Faith ameshaanza.

Masharti ya Rono: nirudi kama fundi wa picha, jina langu litaandikwa. Lakini Dennis ndiye mkuu wa chumba. Mimi nitakuwa chini yake.

Hiyo iliniuma. Mimi nilikuwa hapo kabla ya wote. Lakini Dennis anajua nodi kuliko mimi, na aliniambia kosa langu bila kunidharau. Chini ya Dennis, sawa. Mapokezi, hapana. Nikaongeza langu: mtoto ataletwa mchana, na nitamnyonyesha ndani, si chooni.

Rono akatazama kibuyu. "Kuna stoo," akasema. "Tutatoa zile taa."

"Na kiti kiwekwe," mama mkwe akasema kutoka jikoni.

Akakubali.

Jumatatu, 31 Machi

Siku ya kwanza. Mvua kutoka asubuhi. Chumba kina harufu ya rangi na makoti mabichi.

Wamenipa meza ya dirishani. Skrini ni ndogo kuliko ile ya zamani. Dennis alinionyesha wanavyoyapa majina masanduku yao, nami nikamwonyesha namna ninavyochora vidole, akavuta kiti kuangalia. Tukafanya kazi. Hatukuongea sana.

Mchana mama mkwe alifika na mtoto chini ya mwavuli. Stoo imefagiliwa. Nilikaa humo, mlango umerudishwa, nikimsikiliza Chepkoech anavyomeza, na mvua kwa mabati. Mikono yake ilikuwa baridi. Niliishika mpaka ikapata joto.

Baadaye nikarudi mezani. Shoti ya leo ni mnada wa ng'ombe Chebunyo. Wanataka vumbi.